Tuliposema Wale Hawakuwa Watoto Wetu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya chama nilitumwa kupeleka kuni kwenye kilio. Nilikuwa nimefika ofisini asubuhi, katika nyumba iliyokuwa zamani ghala la kahawa hapa Butembo, nimevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, nikitegemea kuonyeshwa meza yangu. Mkubwa wangu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatabasamu kidogo.

"Madame Masika, ile viatu utaiacha hapa," akasema. "Kule nyuma ya soko kuko kilio. Mutu alikufa jana. Beba kuni, enda ukae na bamama. Hapana sema kitu juu ya mouvement. Kama banakuuliza, unasema ulikuya kulia."

"Na nikimaliza kulia?"

"Utaosha masahani."

Ndivyo nilivyoanza. Enzi hizo hatukuwa chama bado. Tulikuwa mouvement, yaani kundi la waasi lenye askari wake, lililotawala Butembo na Beni wakati nchi ilipokuwa imekatwa vipande na kila kipande kina wakubwa wake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya misheni, mwalimu asiyelipwa kama wenzangu wote, na nilipoitwa niingie katika mobilizasyo sikukataa. Mobilizasyo ndiyo kazi ya kuwafanya watu wasimame upande wako. Ninyi vijana mnaoifanya leo kwa simu na fulana za bure mnadhani ni kazi ya kelele. Zamani ilikuwa kazi ya miguu na subira, na aliyenifundisha aliijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Tulimwita Komiseri. Cheo chake kamili kilikuwa Komiseri wa Mobilizasyo, na hata baadaye alipokuwa rais wa fédération, yaani mkuu wa chama kwa Butembo na Beni zote, sisi wa zamani hatukubadili. Alisoma seminari akaiacha karibu na mwisho, akatoka na sauti ya padri na mikono safi ya padri. Alijua jina la kila mama sokoni na jina la mtoto wake wa kwanza. Nimemchukia miaka mingi sasa, lakini kumwita mjinga siwezi.

Alinifundisha adabu ya kazi hiyo kidogo kidogo, tukitembea. Mtu wa mobilizasyo aende kilioni kabla ya kwenda harusini, kwa sababu harusini kila mtu anakwenda. Asivae kitenge chenye alama ya chama mahali penye maiti. Ale anachopewa, hata kama ni sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi, na asiseme ameshiba. Asiseme habari za siasa mpaka aulizwe mara nyingi, na akiulizwa ajibu kwa kifupi kama mtu anayeona haya. Juu ya yote, akiahidi kitu mbele ya wafiwa, akitimize, maana wafiwa husahau nyimbo na hotuba lakini aliyewaahidi kitu siku ile hawamsahau. Hilo la mwisho alilirudia sana, na ndilo lililotumaliza.

Baada ya Butembo nilitumwa Beni, commune ya Mulekera, kuwa mkuu wa cellules. Cellule ni ngazi ya chini kabisa ya chama, nyumba za barabara moja au mbili, yenye kiongozi wake anayejua nani amelala wapi. Huko ndiko nilikojua chombo chetu cha pili, salongo. Salongo ni kazi ya wote: Jumamosi asubuhi kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, mashimo ya barabara yanazibwa, mitaro inafunguliwa. Mouvement iliiweka salongo mikononi mwa viongozi wa cellules. Watu walikuja wengi ajabu, wanaimba, na wajumbe kutoka mbali waliposhuka katika uwanja wa ndege wa Mavivi tuliwapitisha barabara hiyo hiyo ili waone.

"Bale bote ni batu yetu," Komiseri aliwaambia, kifua mbele.

Hakusema kwamba asiyekuja salongo alifungwa cachot, mahabusu yetu. Nadhani kufikia wakati huo jambo hilo lilikuwa limeshamtoka akilini. Sisi sote tulikuwa tumelizoea, na kitu ukikizoea hukioni tena.

Sasa nieleze habari ya kilima, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichotupata baada ya uchaguzi. Maadui wetu, waasi wa kundi jingine, walikuwa wanapanda kutoka kusini. Nyuma ya Kasugho, kule kwenye misitu ya magharibi ya Lubero, kuna kilima kinachoangalia njia waliyotaka kupita. Mouvement ilikusanya vijana wa Butembo, ikawafundisha bunduki haraka haraka, ikawapeleka kukishika. Mmoja wao alikuwa Kambale, mwana wa pekee wa jirani yangu wa Butembo, Mama Kahindo, mjane aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni. Kambale alikuwa fundi wa pikipiki, kijana wa kucheka ovyo, mwenye mafuta meusi kwenye kucha hata siku ya Pasaka. Kilima walikishika. Maadui waligeuka, mji haukuguswa. Kama ulizaliwa Butembo katika nyumba isiyochomwa moto, ni kwa sababu ya wale vijana. Wengi wao hawakurudi, na wenzao waliobaki hai waliwafukia palepale kwa haraka, wakakimbia.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, kwenye migomba ya baba yake. Katika ukoo wa Mama Kahindo kilio hakifungwi kama maiti hajafika. Mama mzazi analala chini juu ya mkeka, hapandi kitandani, hakai sokoni, mpaka mwanawe awekwe ardhini mbele ya macho yake. Komiseri alikuja kwenye kilio kile yeye mwenyewe, bila walinzi, mzigo wa kuni begani. Aliutua, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, mutoto wako ni mutoto wa mouvement," akasema. "Vita ikiisha, tutaenda kumutoa kule na mikono yetu. Tutamuleta mpaka hapa, ku migomba ya baba yake. Mbele ya Mungu."

"Mutamuleta?"

"Tutamuleta, mama."

"Basi mie nitalala chini mpaka munamuleta," Mama Kahindo akajibu.

Ahadi hiyo aliitoa katika nyumba nyingine pia, kila penye kijana wa kilima. Mimi nasimulia ya nyumba hii kwa sababu ukuta wangu na wake uligusana, na kila asubuhi niliyoamka Butembo nilimsikia akikung'uta mkeka.

Vita ikaisha, au tuliambiwa imeisha. Mouvement ikageuka chama, na Komiseri akapanda ndege Mavivi kwenda Kinshasa, kwenye serikali ya mpito, ile ya kugawana vyeo kati ya waliokuwa wanapigana. Mimi nikarudishwa Butembo kuwa katibu wa akina mama wa chama. Kila tulipokutana kwenye maji, Mama Kahindo aliniuliza swali lile lile, kwa upole, bila kuinua macho. Mimi nikalipeleka kwa Komiseri. Kwanza jibu likawa barabara ni mbaya. Halafu likawa msituni bado kuna watu wenye bunduki. Mwishowe likawa tungoje uchaguzi.

"Madame, tukitoa mifupa leo, batasema tunafanya campagne na bale bamekufa," aliniambia siku moja alipokuja. "Tushinde kwanza. Tukikuwa État, serikali yenyewe, tutaenda na magari, na padri, na bendera. Itakuwa muzuri."

Neno lenyewe lilikuwa na akili. Maneno yake yote yalikuwa na akili, ndiyo maana tulimfuata.

Kampeni ilipoanza alirudi na suti na magari. Hakwenda tena kilioni. Palipofiwa mtu, gari la chama lilisimama barabarani, mifuko ya mchele ikashushwa, gari likaondoka. Akina mama waliupika ule mchele, wakaula, wakatazamana. Niliona kutazamana kwao. Nilimwambia Komiseri kwamba watu hawatuoni, wanauona mchele tu. Alinipiga begani kwa upendo.

"Banatujua tangu zamani. Haukuona salongo ya juzi? Barabara ilijaa."

Ilijaa kweli. Siku ya kura niliwekwa kuwa témoin, shahidi wa chama, ambaye kazi yake ni kukaa ndani ya chumba cha kupigia kura na kuangalia watu wasiibe. Témoin hasemi. Kura zikiisha kupigwa, sanduku linamwagwa mezani, mkuu wa chumba anafungua karatasi moja moja, anaiinua kila mtu aione, anasoma jina. Tulikuwa katika darasa nililofundishia miaka mingi. Alisoma jina la mwingine, na la mwingine, na la mwingine. Nilijiambia karatasi zetu ziko chini ya rundo. Rundo likapungua mpaka mbao za meza zikaonekana. Kiongozi wetu wa cellule ya mtaa ule alikuwa amekaa kwenye benchi ya nyuma, na chumba chake chote hakikuwa na kura zetu za kujaza viganja viwili. Nilimgeukia. Akatazama miguu yake, nikajua hata yeye hakutupigia.

Vyumba vyote vilisema hivyo, Butembo na Beni. Watu waliokuja na majembe yao Jumamosi zote zile walikuwa wanaiogopa cachot, na mara ya kwanza walipowekwa nyuma ya kitambaa peke yao, na karatasi na kalamu, walitujibu. Hakuna chama kingine, nadhani, ambacho kingehesabu majembe kikadhani ni mapenzi. Tulishindwa kwa aibu, hapa nyumbani kwetu, mahali tulipotawala kwa bunduki na nyimbo.

Yaliyofuata hamtayasoma popote. Wiki zile ofisi ilinuka vumbi. Waliokuwa wakijaa mlangoni kuomba kazi walipita upande wa pili wa barabara. Mtu alikuja usiku akaondoa bango letu, na hatukuwa na hamu ya kumtafuta. Kisha ujumbe ukaja kutoka kwa walioshinda: wako tayari kutupokea kwenye muungano wao. Tutapata kiti kimoja katika serikali ya jimbo, wakuu wetu wa shule hawatafukuzwa, na walimu wa shule tulizozisimamia wakati wa vita wataingizwa katika mishahara ya serikali. Kulikuwa na sharti moja. Kule Kasugho sasa kulikaa jeshi jipya, na baadhi ya wakubwa wake walikuwa wale wale waliopigana na vijana wetu. Hawakutaka kukaa meza moja na chama chenye askari, hata askari waliokufa. Tuseme redioni kwamba chama hakikutuma mtu yeyote kwenye kile kilima, na kwamba waliofia pale walikuwa majambazi wa msituni.

Tulikutana ghalani, madirisha yamefungwa. Komiseri alikaa mwisho wa meza bila koti, amekonda. Kando yake alikaa Mwalimu Paluku, mweka hazina wetu, mkuu wa shule ya Kiprotestanti, mtu mnyofu ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Écoutez," akasema. "Bale bamekufa. Habana njaa tena. Mie niko na walimu banafundisha na tumbo bure tangu vita ilianza. Tukikataa, batu yetu bote banafukuzwa, na basoda ba serikali batatutendea sawa waasi. Donc batoto bengine batakufa. Ni hesabu ya namna gani ile?"

"Bamama banalala chini," nikasema.

"Banajua bamekufa, Madame. Iko kulia tu ndiyo inabakia."

Mwenyekiti mmoja wa vijana akasema kuna njia nyingine, bunduki hazijaoza, na msitu uko palepale. Hakuna aliyecheka. Niliona kwamba zaidi ya mmoja alikuwa anaifikiria. Komiseri akatikisa kichwa.

"Forêt tunaijua. Ile hapana."

Nikawaambia tubaki nje. Tubaki bila kiti, bila gari, bila kitu, turudi kwenye vilio na kuni begani, tuwaambie wale mama ukweli kwamba tumeshindwa na hatuna nguvu ya kuwaleta watoto, lakini watoto ni wetu. Tuanze tena kutoka chini.

"Kuni hailipake mwalimu," Paluku akasema, bila hasira.

Niliwajua wale walimu. Wengine walikuwa wamenifundisha mimi mwenyewe kusoma, na sasa walikuja darasani na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Basi nikamgeukia Komiseri.

"Komiseri, ulipiga magoti."

"Nilipiga," akasema. "Na nilisema kweli. Siku ile nilikuwa na jeshi. Leo niko na nini? Unipe jeshi, Madame, na mie kesho naenda kumuleta Kambale."

Alilikumbuka jina. Angekuwa amelisahau ningeweza kumtukana na kutoka. Hakulisahau, na bado alikuwa anakwenda kulikana, na hapo moyo wangu ulivunjika kabisa. Mikono iliinuliwa. Wangu ulibaki chini, pamoja na wa yule kijana aliyetaka msitu, na sikupenda kuwa naye.

Mkutano ulipoisha Komiseri aliniomba niwaendee wale mama kabla redio haijasema. Ilikuwa kazi yangu kwa kawaida. Nilikataa.

"Wewe ulipiga magoti, wewe utaenda."

Aliinamisha kichwa kama anayekubali. Hakwenda. Redio ilisema mchana, soko limejaa, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya padri, polepole, kila neno limenyooka.

Nilikwenda kwa Mama Kahindo kama jirani. Alikuwa uani anamenya muhogo, na redio ya nyumba ya tatu bado inasikika. Hakuacha kumenya.

"Ile ni sauti yake?" akaniuliza.

"Ni yake, mama."

"Anasema Kambale alikuwa mwizi?"

"Anasema bale bote ba ku kilima."

Alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akauweka kwenye beseni.

"Kama hakuwa mutu yao, basi hapana mufu, na hapana kilio," akasema. "Sasa mie nilale wapi, Masika?"

Nilikaa naye mpaka jioni, tukamenya muhogo uliobaki. Aliendelea kulala chini. Mimi niliondoka katika chama mwezi ule ule, bila hotuba, na huko ndiko kustaafu kwangu. Wenzetu wa kazi nyingine wakistaafu hupewa saa ya ukutani.

Mtataka kujua tulipata nini. Baadhi ya walimu walilipwa, kwa muda mfupi. Kisha muungano ukabadilika huko juu, kiti chetu akapewa mwingine, wakuu wetu wa shule wakafukuzwa mmoja mmoja, na Mwalimu Paluku akawa miongoni mwao. Alifariki akiwa analima viazi katika shamba la kukodi, na aliponiona mara ya mwisho alisema tu, "Madame, nilifikiri banasema kweli." Komiseri yuko Kinshasa katika chama kingine. Yule kijana alikwenda msituni kweli, na vijiji alivyopitia vinalitaja jina lake kwa kunong'ona. Vita ikarudi, ikiwa iliwahi kuondoka.

Vijana wa chama huja kwangu, kwa sababu nimezeeka na nasifika kuwa mnyofu, wanauliza tungefanya nini siku ile. Wanataka niseme kwamba wenzangu wangenifuata mimi mambo yangekuwa sawa. Siwezi kusema hivyo. Huenda tungebaki na kuni zetu begani na walimu wangekufa njaa vilevile, na askari wangetufyatulia risasi vilevile. Chama kilichoshindwa kikiwa katika nchi ya vita kina milango michache, na nyuma ya kila mlango niliona kaburi. Ninalojua ni hili moja: kiti kilikwenda, mishahara ikaenda, lakini neno lile la redioni lilibaki. Lilikaa juu ya nyumba za watu. Wale mama waliacha kuwataja watoto wao mbele ya wageni, na wadogo wa wale vijana waliapa shuleni kwamba hawakuwa na kaka.

Miaka ikapita, na wazee wa ukoo wa Mama Kahindo wakamhurumia. Walikubali kwamba udongo wa pale alipolala ungetosha. Uzikwe migombani, kilio kifungwe, mama apande kitandani kabla ya kufa kwake. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa ningeweza kuzungumza na watu wa njiani. Tulikwenda kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, halafu kwa miguu.

Kilima kilikuwa shamba la maharagwe. Familia moja iliyokimbia vita mahali pengine ilikuwa inalima pale, watu maskini, wema sana. Baba yao alisimama tulipokaribia.

"Bamama munatafuta nini?"

"Makaburi ya vijana," nikasema.

Akatuonyesha kwa kidevu mteremko mzima. "Tukilima, mifupa inatokaka," akasema. "Tunaifunika tena. Mie sijue nani ni nani, mama. Munisamehe."

Mama Kahindo alitembea kati ya maharagwe polepole, akiangalia chini. Mahali fulani alisimama. Sijui alichokiona, na sikumwuliza. Aliinama akachota udongo kwa mikono, akaufunga katika kitambaa cheupe alichokuwa amekifua na kukipiga pasi, akakiweka ndani ya kikapu. Kwa mara ya kwanza tangu vita nilimwona akilia kwa sauti. Tuliposhuka aliongea njia nzima, habari za Kambale, jinsi alivyoogopa bata alipokuwa mdogo.

Chini kulikuwa na kizuizi cha jeshi. Kabla hatujafika nilimwambia aseme tulikwenda kutazama maharagwe ya kununua. Askari alikuwa kijana, mchovu. Alitia mkono kikapuni akahisi uzito, akafungua kitambaa.

"Mama, oyo nini? Wolo?"

Alitaka kujua kama ni dhahabu, kwa kuwa kule watu husafirisha mchanga wa dhahabu hivyo.

"Ni udongo tu," Mama Kahindo akasema.

"Udongo ya nini? Unatoka nayo wapi? Ku kilima?" Akamtazama vizuri. "Kuko bamama banakuyaka kutafuta mifupa ya ba-bandits. Muko ba mama yao?"

Mkubwa wake alitoka kibandani akasogea. Nilifungua mdomo, na Mama Kahindo akanitangulia.

"Hapana, papa. Mie sina mutoto kule."

"Basi udongo ni ya nini?"

"Ya bure."

Askari alikimwaga kitambaa barabarani. Aliutawanya ule udongo kwa kiatu, akachutama, akaupekua kwa kidole akitafuta kinachong'aa, asikione. Akatupungia tupite. Walisimama wote wawili wakituangalia, na hatukuweza kuinama kuokota hata kidogo.

Tulipopinda kona alinishika mkono.

"Masika," akasema, "nimesema muzuri?"

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nawafundisha watu la kusema mbele ya wenye nguvu. Nilimwambia amesema vizuri.